Mfalme, Mtumishi na Pasi ya Mvuke

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani alikuwa Makunyanzi, na si kwa sababu ya uso wake, ingawa siku hizi hata uso ungeweza kulidai jina hilo. Walimwita hivyo kwa kuwa hakuna adui aliyemchukia duniani kama mkunjo uliokaa pasipo pake. Akikutana na mtu aliyevaa shati lililotoka moja kwa moja kwenye kamba ya kuanikia, humtazama kola kwa huzuni, kama anayetazama nyumba inaungua naye hana ndoo. Mkewe alikwisha kuzoea. Harusini humpiga kiwiko na kumnong'oneza, "Mtazame bwana harusi usoni, baba. Suruali yake haikuhusu."

Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, chumba kirefu chembamba: mbele kaunta, katikati reli ya hanga zenye nguo zilizovishwa mifuko ya nailoni, nyuma kabisa meza yake ya kupigia pasi na mtungi wa mvuke uliokoroma kutwa nzima. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza, aliyejaliwa kila kitu isipokuwa subira. Ujanani aliwahi kuunguza suti ya mteja iliyosubiriwa kanisani, akaapa kutoshika pasi tena, na hicho ndicho kiapo pekee alichokitimiza maishani bila kukumbushwa. Kazi yake ikawa kupokea nguo, kupiga soga na wateja, na kusoma kwa sauti. Makunyanzi alimwita kaka tangu mwezi wa kwanza, maana mwenye duka alimzidi umri kidogo, na neno "bosi" lilimkwama kooni. Mke wa kaka akawa shemeji. Watoto wa kaka walikua wakimwita baba mdogo, na wakifanya kosa hukimbilia nyuma ya meza yake ya pasi kujificha.

Kitabu walichosoma kilikuja ndani ya koti. Mteja alileta koti lisafishwe, hakurudi tena, na mfukoni mlikuwa na kitabu. Koti lilisubiri kwenye reli mpaka kola ikapauka. Kitabu hakikusubiri hata wiki. Ulikuwa utenzi wa kale sana, wa nchi ya mito miwili, wa enzi ambazo watu waliandika kwenye vibao vya udongo mbichi kwa ncha ya tete. Habari yenyewe ilimhusu mfalme mwenye nguvu kupita kiasi na rafiki yake wa kufa na kuzikana, waliokwenda mlimani kupambana na zimwi lililoziba njia ya maji ya mji. Lakini vibao vilivunjika, vikaliwa na chumvi, vingine vikapotea kabisa, kwa hiyo kila baada ya mistari michache mfasiri aliweka nukta tupu kuonyesha kwamba hapo pamebomoka.

Wasomaji wengine wangeziruka nukta hizo. Hawa wawili walizigeuza mchezo, wakauita kuziba ufa. Kaka husoma, na akifika palipobomoka hugonga kaunta mara moja kwa kifundo cha kidole. Hapo Makunyanzi lazima aseme mstari unaokosekana kabla pasi haijamaliza mkono wa shati. Siku pasi ikipumzika hubadilishana zamu, Makunyanzi akasoma na kaka akaziba.

"'Mfalme akasimama kwenye lango la mlima,'" husoma kaka kwa ile sauti yake nene, "'akageuka, akamwona rafiki yake...'" Ko!

"'...ana mkunjo mgongoni,'" hujibu Makunyanzi bila kuinua macho, "'akamwambia, ndugu yangu, vitani haturuhusiwi kuingia namna hii.'"

Wateja walicheka, ila si wote waliojua wanachekea nini. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo, aliyekuwa akingoja gauni lake, aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, akaenda kuwafundisha wanafunzi wake kwamba wafalme wa kale hawakupigana vita kabla ya kupiga pasi. Walipopata habari hiyo, kaka alitaka wamwite wamsahihishe. Makunyanzi alikataa katakata. Alisema hilo ndilo jambo la maana pekee ambalo watoto wale watajifunza mwaka huo.

Basi miaka ilikwenda, kitabu kikasomwa mpaka kikaanza kuachia kurasa, na macho ya kaka yakaanza kuingia ukungu. Alificha, bila shaka. Mtu mnene ni hodari wa kuficha vitu. Makunyanzi alimgundua pale kaka alipoanza kuziba nyufa pasipo na ufa. Mfalme akatokea na ng'ombe ambao hawakuwahi kuwamo. Zimwi likaomba radhi. "Kaka," alisema Makunyanzi, "hilo zimwi lina adabu tangu lini?" Kaka akakiri kwamba kwa muda mrefu sasa anasoma kwa kukumbuka. Alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza shemeji alikuwa amesafiri kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo aliyemshika mgonjwa mkono hadi hospitali alikuwa Makunyanzi. Alikwisha kumnyooshea shati jeupe tangu jana yake, akamfunga vifungo mwenyewe, akamvusha barabara akimwambia "ngazi," "shimo," "mbwa," mpaka wakafika. Mlangoni pa idara ya macho alisimama muuguzi mmoja mfupi mwenye sauti ya amri.

"Ndani wanaingia ndugu tu," alisema. "Huyu ni nani wako?"

Swali jepesi hivyo. Na mtu yule, aliyekuwa na maneno ya kuzibia kila ufa wa wafalme wa kale, alipapasa hewani, akaligusa bega la Makunyanzi, akasema, "Nani, huyu? Huyu kijana wangu wa kazi."

"Basi kijana asubiri kwenye benchi."

Kijana alikuwa na wajukuu, na goti linalotabiri mvua. Akaketi kwenye benchi na viatu vya kaka yake mapajani, kwa kuwa ndani watu waliingia na kandambili za hospitali. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Tusi lina jibu lake. Lakini mshahara si kweli anapokea? Duka si kweli si lake? Aliligeuza neno lile huku na huku kama suruali iliyopotea mshono, akakuta halina pa kushikia. Akaviangalia viatu, akaona vinahitaji rangi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaona hiyo si kazi yake.

Kaka alilala hospitali siku ile. Makunyanzi alirudi kufungua duka peke yake, akapiga pasi mapazia ya watu mpaka mchana, kisha akakaa kwenye kiti cha kaunta, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akakichukua kitabu. Hakutaka kuusoma ule urafiki wa mfalme. Siku ile ungemkaba. Akafungua nyuma kabisa, penye kurasa za maandishi madogo ambazo kaka hakuwahi kuzigusa. Kaka alikuwa na msimamo kwamba maandishi madogo ni ya wanasheria na dawa za minyoo.

Huko nyuma, mfasiri alikuwa ameweka nakala za zamani zaidi. Mfalme ni yule yule, mlima ni ule ule, zimwi halijabadilika. Ila aliyekuwa ubavuni mwa mfalme hakuwa rafiki. Alikuwa mtumishi wake. Akimwita mfalme alimwita "bwana wangu," akitumwa huenda, akipewa mzigo hubeba. Mfasiri alieleza kwamba habari ile ilisimuliwa na kunakiliwa kwa zaidi ya miaka elfu, kila mwandishi na mkono wake, na njiani huko, polepole, mtumishi akapanda akawa rafiki. Lakini hakipo kibao kinachosema ilikuwa siku gani, wala nani aliyempandisha.

Makunyanzi aliisoma habari hiyo mara ya pili, kisha akacheka peke yake, kicheko kisicho na utamu. Jioni ile ile alipigiwa simu na mkuu wa chumba cha nguo wa hoteli kubwa ya mjini, aliyemtaka kwa miaka mingi kama watu wanavyomtaka beki mzuri wa timu nyingine. Kila mara alimjibu kwamba hawezi kumwacha kaka yake. Safari hii alisema, "Nipe muda nifikirie." Mkuu yule akashangaa, akampa hadi mwisho wa mwezi.

Kaka alirudi dukani na bandeji jichoni, akaketishwa mbali na mvuke kama alivyoamriwa na daktari.

"Karibu, bwana wangu," alisema Makunyanzi.

Siku ya kwanza kaka aliipenda. Tusimfichie. Alinyoosha mgongo, akaagiza chai kwa sauti ya mtu mwenye ngome. "Mtumishi wako ameiweka kulia kwako, bwana wangu." Siku iliyofuata alijichekea. Siku ya tatu alicheka kidogo. Ikafika wiki nzima mtu anaitwa bwana wangu mbele za wateja, hata yule mwalimu wa watoto wadogo akaanza kumwinamia, akashindwa kuvumilia.

"Una nini wewe? Hebu acha, nisomee shairi letu."

"Amri yako, bwana wangu." Makunyanzi aliinua pasi, akafuta mikono, akafungua kitabu kule nyuma. "'Mfalme akamwambia mtumishi wake, chukua shoka langu, twende mlimani.'"

"Rafiki yake," alisahihisha kaka.

"'Mtumishi wake akajibu, ndiyo, bwana wangu.'"

"Haiko hivyo! Ni rafiki! Nimekisoma kitabu hicho nywele zangu zikiwa nyeusi. Umetunga!"

"Mimi? Mimi kijana wa kazi tu, bwana wangu. Nasoma kilichoandikwa."

Shemeji, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka kumlea mzazi, alitokea mlangoni na sufuria ya chakula cha mumewe. Kaka akamwita kama shahidi mahakamani. "Mama, njoo utazame. Huyu ananichezea kwa sababu sioni. Kumeandikwa nini hapo?"

Shemeji akaweka sufuria juu ya kaunta, akavaa miwani, akasogeza ukurasa mbali, akausogeza karibu. "Mtumishi," alisema. "Imeandikwa mtumishi, tena kwa herufi ndogo mno. Sasa mnagombania nini, watu wazima?"

"Sijui amepandwa na nini!"

"Shemeji," alisema Makunyanzi taratibu, "muulize alimwambia nini muuguzi, mlangoni pale hospitali. Aliulizwa mimi ni nani."

Mtungi wa mvuke ukakoroma nyuma. Mara uso wote wa kaka uliojaa ukalegea, na ikaonekana wazi kwamba amekumbuka, na kwamba mpaka dakika ile hakuwa amekumbuka.

"Ulisemaje?" aliuliza mkewe.

"Nilisema... kijana wangu wa kazi."

"Kijana? Huyu?" Shemeji aliketi. "Huyu aliyekaa wodini na mimi wakati najifungua, na wewe ukatafutwa mji mzima usionekane? Huyu mwenye wajukuu?"

"Nilijibu haraka, mama."

"Hata hapa kwenye maandishi madogo wanasema ilichukua miaka elfu, mtu kutoka mtumishi hadi rafiki," alisema shemeji, ambaye hujua kusoma kwa haraka kinachomfaa. "Basi mwenzangu una haraka ya nini? Bado una muda."

Makunyanzi alijikuta anataka kucheka, akajizuia. Akaendelea kusoma, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "'Walipofika kwenye lango la mlima, mtumishi akageuka, akamwambia bwana wake...'" Hapo palikuwa na nukta tupu, mstari mzima. Akagonga kaunta. Ko.

Walisubiri. Kaka, bingwa wa kuziba, aligeuza jicho lake moja kushoto, akaligeuza kulia. Ulikuwa ufa wa kwanza kubaki wazi dukani mle, na Makunyanzi alikifunga kitabu polepole, akarudi kwenye pasi yake. Shemeji akapakua chakula.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ukuta ulijengwa kweli, tofali kwa tofali, bila kelele. Salamu asubuhi, kwaheri jioni. "Bwana wangu" ilikoma, lakini "kaka" haikurudi. Sasa hakumwita chochote. Kaka alikaa kwenye kona yake akisikiliza pasi ikipita juu ya mashati ya watu, na sauti ile ambayo zamani ilikuwa wimbo wa nyuma ya shairi, sasa ilikuwa pasi tu. Alitaka kuomba radhi, kusema kweli. Lakini alikuwa mtu wa maneno mengi, na watu wa maneno mengi hupata shida sana wakihitaji machache. Kila akianza huishia kuuliza kama wanga umebaki.

Mwezi ukakaribia kwisha, na siku ya jicho la pili ikafika. Makunyanzi alitegemea safari hii shemeji ndiye atakwenda. Shemeji akatokea dukani amejifunga kitambaa kichwani, akaingia nyuma ya kaunta. "Mimi nabaki na wateja," alisema. "Nendeni ninyi wawili mlimani kwenu."

Kumwacha mgonjwa avuke barabara kwa jicho moja na nusu hakuweza. Basi wakatoka. "Ngazi," alisema Makunyanzi. "Shimo." Ila mbwa hakumtaja, na kaka karibu amkanyage mkia. Moyoni alikwisha kupanga: wakirudi, kesho asubuhi, atamweleza habari ya hoteli, na atasema kwa heshima, na ataondoka.

Waliambiwa wakae kwenye benchi, lile lile. Kaka alivua viatu, akaviweka chini mwenyewe, huku akihema. Kisha akakunja kidole, akagonga ubao wa benchi. Ko.

"Mimi leo sisomi," alisema Makunyanzi.

"Naziba mimi. Ule ufa wa siku ile." Kaka alitazama ukutani mbele yake. "Bwana akamwambia mtumishi wake: niliogopa. Nilikuwa naingia kukatwa jicho, nikamwona yule mama mkali, nikataka nionekane mtu mwenye watu chini yake. Sina mtu chini yangu. Nina wewe. Nilisema uongo mlangoni, nikakuacha kwenye benchi na viatu vyangu. Inaniuma kila nikivivaa."

Makunyanzi akamgeukia. Angeweza kunyamaza, lakini hakuumbwa hivyo. "Umekosea," alisema. "Ufa ule ni wa mtumishi kusema. Wewe umemsemesha bwana."

"Basi sema wewe wa mtumishi."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka, na muuguzi akatoka, yule yule mfupi, na karatasi zake mkononi. Akawatazama kwa zamu. "Ndani wanaingia ndugu tu. Huyu ni nani wako?"

"Ndugu yangu," alisema kaka, kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi.

Muuguzi akampima huyu mnene mfupi, akampima na yule mrefu mkavu kama mti wa hanga, wasiofanana hata masikio. "Ndugu? Baba mmoja, mama mmoja?"

Mkono wa kaka ukapapasa hewani, kama siku ile, ukitafuta bega. Safari hii bega lilisogea lenyewe hadi chini ya mkono.

"Inategemea unasoma nakala gani, dada," alisema Makunyanzi. "Ile ya zamani hapana. Hii yetu, ndiyo."

Muuguzi hakuelewa neno hata moja, lakini alikuwa amefanya kazi mlango ule muda wa kutosha kujua uso wa mtu wa nyumbani. Akasukuma mlango kwa nyonga. "Piteni, msinicheleweshee daktari."

Ndani kulikuwa na kitanda cha magurudumu na joho la kijani la kuvaa wagonjwa. Makunyanzi alimsaidia kaka kulivaa, akamfunga kamba za nyuma, akarudi hatua moja kumtazama. Joho lilikuwa limekunjwa likiwa bichi, na mgongoni, kutoka bega hadi kiuno, lilipitiwa na mkunjo mmoja wa kutisha. Wauguzi wangemchukua wakati wowote. Lakini kuna mambo mtu hawezi kuyaruhusu, hata akiwa na ahadi ya hoteli kubwa mfukoni, hata kama kesho itabidi ampigie simu mkuu wa chumba cha nguo na kumwambia asimsubiri. Akatema mate kidogo kwenye viganja, akavisugua mpaka vikapata moto.

"Kaka," alisema, "simama vizuri, nikunyooshe. Vitani haturuhusiwi kuingia namna hii."